Njegere Katika Chumba cha Sanaa

Meza ilikuwa tupu. Juu yake palibaki duara la vumbi jekundu, na pembeni ya duara kadi iliyoandikwa kwa wino mweusi: MWANAMKE WA KIJIJI CHA UJAMAA. Mwanamke mwenyewe hakuwapo.

Inspekta Mwinjuma aliinama, akalitazama lile duara bila kuligusa.

"Mligundua lini?"

"Jana jioni, wageni walipokwisha kuondoka," alijibu Mwalimu Anastasia, mkuu wa Shule ya Wasichana Lukumbi. Alikuwa mama mrefu, mkali, aliyekuwa na desturi ya kufuta miwani kila alipokuwa na wasiwasi. Asubuhi ile alikuwa akiifuta mfululizo.

Kilichoibwa kilikuwa sanamu ya udongo, kichwa cha mwanamke. Aliyeifinyanga ni Veronika Dominiko, msichana wa kidato cha tatu. Udongo aliuchimba mwenyewe mtoni, akauchoma kwa magome na samadi kama wafanyavyo wafinyanzi wa mlimani. Ilipotoka motoni, shule nzima ilikimbilia kuitazama. Afisa Utamaduni wa Mkoa alipoiona alisema itauwakilisha mkoa mzima kwenye maonyesho ya Saba Saba mjini Dar es Salaam. Gari la kuichukua lingefika Jumatatu asubuhi. Leo ilikuwa Jumapili.

Ndiyo maana Inspekta Mwinjuma, mzaliwa wa Mafiga, mtu aliyezoea wezi wa ng'ombe na malori yanayoporwa njiani, alijikuta katika shule ya wasichana huku ngoma zikilia bwaloni na kwaya ikirudia ubeti uleule.

Alizungusha macho chumbani. Cherehani mpya ilikuwapo. Redio ya kilabu ya kwaya ilikuwapo. Vibuyu vilivyochorwa, vikapu na mkeka mkubwa wa rangi tatu ukutani, vyote vilikuwapo. Sakafuni, chini ya dirisha, karoti na njegere zilipangwa vizuri juu ya jani la mgomba.

"Mwizi gani anaiacha redio?" aliuliza Koplo Asha, msaidizi wake.

"Mwizi tunamjua," alisema Mwalimu Anastasia. "Anaitwa Chausiku. Mkeka ule ni wake. Sanamu ilipochaguliwa badala ya mkeka, alisema mbele ya bwalo zima kwamba kichwa kile kingeanguka kikapasuka, watu wangepumua. Na jana, katikati ya mazoezi ya ngoma, alitoka peke yake. Kesho namrudisha kwao."

Koplo Asha alikuwa amepiga goti nyuma ya mlango. Aliinuka na kipande cha ukindu uliosukwa, rangi ya zambarau.

"Ukili, afande. Ulikuwa hapa kwenye kizingiti."

Mwalimu mkuu aliutazama ule ukili kwa huzuni zaidi kuliko kwa ushindi. "Ni wake," alisema. "Hakuna mwingine hapa anayesuka kwa rangi hiyo."

"Naomba aitwe," alisema Mwinjuma.

* * *

Chausiku aliingia, akawaamkia wote shikamoo, akasimama wima kama yuko paredi.

"Jina kamili?"

"Chausiku Stambuli."

"Nyumbani?"

"Dumila. Baba ana hoteli ya chai pale njia panda."

"Hiki ni nini?"

"Ukili wangu, afande."

"Umefikaje kwenye mlango huu?"

"Mimi husuka huku natembea. Uliniponyoka."

"Ulifuata nini huku, wenzako wakiwa kwenye ngoma?"

Msichana aliyatazama mavumbi ya miguu yake.

"Kuitazama."

"Sanamu uliyoitakia ipasuke?"

"Nilisema kwa hasira. Mkeka ule nimeusuka muhula mzima. Lakini kila nikiona hakuna mtu, huwa nakuja kuitazama. Mama yangu yu hai, afande, na sijawahi kumtazama namna Veronika alivyomtazama wake."

Mwalimu Anastasia aliacha kufuta miwani. "Wake? Ile ni sura ya mama yake?"

"Ya marehemu mama yake. Aliniambia mimi tu, kabla hatujagombana."

Mwinjuma alimwachia nafasi ya kupumua, kisha akauliza kwa upole zaidi.

"Ulipofika, sanamu ilikuwapo?"

"Ilikuwapo."

"Ukaingia?"

"Hapana. Niliishia mlangoni."

"Kwa nini?"

Chausiku alikaza macho kwenye mkeka wake ukutani.

"Umeacha mazoezi, umevuka uwanja mzima kuja kuitazama, halafu ukaishia mlangoni. Nani alikuwa ndani?"

Chausiku aligeuzia uso dirishani.

"Unajua kwamba kesho unarudishwa nyumbani?"

"Najua, afande."

"Na bado husemi?"

"Sina la kusema, afande."

Alipotoka, Koplo Asha alifunga mlango. "Anamficha mtu."

"Anamficha," alikubali Mwinjuma. "Tena kwa gharama ya masomo yake. Mtu humficha ndugu, au rafiki. Lakini huyu hana ndugu hapa, na rafiki aliyekuwa naye ndiye aliyeibiwa."

Alizunguka chumba polepole, akasimama penye dirisha, akachuchumaa mbele ya zile mboga. Alichukua ganda moja la njegere, akalivunja. Lililia kama kijiti kibichi, na maji yakamlowesha vidole.

"Mwalimu, hizi ni za nini?"

"Za kuchorea. Wasichana huwekewa matunda na mboga wachore."

"Wamechora mboga lini?"

Mwalimu mkuu alifikiri. "Kwa kweli, muhula huu wanachora majani. Labda ni za jikoni."

"Jikoni mnapika njegere?"

"Tunapika maharage yetu wenyewe, ya shamba la shule. Njegere tutazitoa wapi?"

"Mgeta, mlimani," alisema Mwinjuma. "Zimechumwa jana alfajiri. Karoti hizi bado zina udongo mweusi wa juu kule. Mtu aliingia hapa na tenga lililojaa. Akatoa kila kitu, akapanga vizuri juu ya jani ili visiingie vumbi. Ndani ya tenga tupu akaiweka sanamu." Alisimama, akajipangusa magoti. "Miaka yote ya kazi sijaona mwizi aliyeacha chakula cha watu katika hali nzuri namna hii."

* * *

Mlinzi wa lango, Mzee Lukasi, alikuwa akiota jua kwenye benchi lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Karibu."

"Jana wageni wengi walikuja na mboga?"

"Watu wa mlimani hawaji mikono mitupu."

"Yupo aliyeondoka na mzigo wake?"

Mzee Lukasi alikuna kidevu. "Mmoja. Aliingia na tenga begani, njegere zinachungulia. Alitoka amelipakata kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nikamtania, 'Bwana, zimekataliwa?' Akapita tu. Macho yake yalikuwa mekundu."

"Alimfuata nani?"

"Veronika. Nikamwambia wasichana wako bwaloni, asubiri. Nikamwonyesha chumba cha sanaa akaangalie maonyesho, kuliko kusimama hapa."

"Mbona hukusema jana walipokuuliza?"

"Waliniuliza kama nimemwona mtu anatoka na sanamu, afande. Mimi nilimwona mtu anatoka na tenga."

Koplo Asha aligeuka pembeni kuficha kicheko.

Veronika walimkuta bwaloni. Hakuwa akicheza ngoma tena. Alikuwa amekaa pembeni ya jukwaa, mikono mapajani, vidole vikifinyanga hewa. Alikuwa mwembamba, na paji lake la uso lilikuwa pana, limejitokeza mbele.

"Jana ulipata mgeni?" aliuliza Mwinjuma.

"Hapana, afande. Mimi huwa sipati."

"Hata baba?"

"Tangu nianze kidato cha kwanza hajaja. Ana shamba, na yuko peke yake."

"Anajua kwamba unafinyanga?"

"Hatuzungumzi mambo mengi. Tangu mama afariki hatumtaji."

"Nyumbani mna picha ya mama?"

"Hakuna. Mpiga picha alikuwa akija misheni wakati wa Pasaka. Mama alisema kila mara, mwaka ujao."

"Sasa bila picha ulimfinyangaje?"

Veronika alivitazama vidole vyake kana kwamba ndivyo vilivyoulizwa. "Nilikuwa namsuka nywele. Jumapili baada ya misa alikuwa akiweka kichwa chake mapajani mwangu na kusinzia. Nilijua kila pahali. Nilipoanza kuufinyanga udongo, nilifumba macho tu." Kisha akashtuka. "Afande, kwa nini unaniuliza habari za baba?"

Mwinjuma alivaa kofia yake.

"Kachukue sweta, mwanangu. Mgeta kuna baridi."

* * *

Landrova ilipanda ikinguruma, ikipisha malori yaliyoteremka na kabichi za soko la Dar es Salaam. Ukungu ulikuwa umeshika vilele vya Uluguru. Barabara ilipokwisha, waliendelea kwa miguu katika njia nyembamba iliyopanda kati ya matuta ya viazi. Veronika alitangulia.

Karibu na nyumba, Inspekta alimgusa bega. "Ngoja hapa na koplo kwanza."

Mlango ulikuwa wazi. Ndani, moto mdogo ulikuwa ukiwaka. Kando ya moto palikuwa na vigoda viwili. Juu ya kimoja alikaa mtu wa makamo mwenye paji pana la uso. Juu ya cha pili ilikaa sanamu, imefungwa kitambaa cha khanga kichwani, fundo limewekwa nyuma kwa uangalifu.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ni Inspekta Mwinjuma, polisi, Morogoro. Wewe ndiye Mzee Dominiko?"

"Ndiye."

"Unajua kilichonileta?"

"Huyo hapo."

"Huna lazima ya kusema lolote. Ukisema, nitayachukua kuwa ni maelezo yako."

"Nitasema," alijibu Dominiko. "Nimenyamaza vya kutosha."

Alisukuma kuni ndani, akasubiri zishike moto.

"Nilikuwa nampelekea mtoto njegere. Watu wa lori walisema shuleni kuna ngoma, wazazi wanakaribishwa. Nikasema leo niende, nimechelewa miaka. Nikaambiwa nisubiri kwenye chumba. Nikaingia, nikamkuta Cecilia amekaa mezani ananitazama."

"Ukafanya nini?"

"Nilimwamkia." Alisema bila aibu. "Nilimwamkia kama mtu, afande. Halafu nikakaa sakafuni."

"Ukaamua kuiba."

"Niliamua kumrudisha nyumbani. Nyinyi muite mnavyoita."

"Mbona hukuomba?"

"Ningemwomba nani? Ile kadi niliisoma. Nimepita kisomo cha watu wazima, najua kusoma. Imeandikwa mwanamke wa kijiji cha ujamaa. Nikasema basi, wameshamfanya wa watu wote. Hata jina hawakumpa." Sauti yake ilishuka. "Halafu kuna jambo jingine. Nilikuwa nimeanza kumsahau. Andika hivyo, ndiyo kesi yenyewe. Nikifumba macho nimtafute, unakuja uso wa dada yake. Naufukuza, unarudi. Mtu niliyelala naye nyumba moja ujana wangu wote! Na picha hakuna. Nikaona nikimwacha pale, akienda huko Dar es Salaam, mimi sitamwona tena hata usingizini."

"Yupo mtu ambaye ungeweza kumwomba," alisema Mwinjuma. "Aliyemfinyanga."

"Huyo ndiye niliyeshindwa kabisa." Dominiko alifunika uso kwa viganja vigumu vya mkulima. "Siku tuliyozika alilia, nikamkemea. Nilimwambia nyamaza. Niliona akiendelea, nami nitaanguka kaburini mbele za watu. Akanyamaza. Mtoto wa miaka kumi na moja, akanyamaza kama alivyoambiwa, mpaka leo. Sasa ningemwendeaje kumwomba uso wa mama yake?"

Hatua zilisikika mlangoni. Koplo Asha alikuwa amemwachia.

Veronika alimtazama baba yake, akaitazama sanamu. Hakupiga kelele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Mbona umemfunga kitambaa?"

"Baridi. Unajua masikio yake yalivyokuwa yakimsumbua."

Msichana alipiga magoti kando ya kigoda. Alipitisha kidole kwenye fundo la kitambaa, na machozi yaliyozuiwa miaka ile yote yakaja bila sauti, kisha yakaja kwa sauti. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Dominiko alishuka kwenye kigoda chake, akakaa chini karibu naye, akalia pamoja naye.

Inspekta Mwinjuma alitoka nje, akasimama akitazama kabichi za watu kwa muda mrefu.

Aliporudi, Veronika alikuwa akiuliza, kama mwanafunzi anayemuuliza mwalimu: "Nimekosea wapi, baba?"

"Hujakosea. Ila hapa chini ya kidevu palikuwa na kovu. Alianguka na ndoo mtoni, enzi hizo tunachumbiana. Alianguka kwa sababu alikuwa akinicheka mimi."

"Sikuwahi kuliona."

"Ungelionaje? Wewe ulikuwa ukimtazama kutoka juu."

Mwinjuma alikohoa. "Mzee, siwezi kukudanganya. Mali imepatikana, lakini mlalamikaji ni mwalimu mkuu. Akiondoa malalamiko, jalada nitalifunga. Akikataa, itabidi ulale kituoni. Na kuna msichana anayekaribia kufukuzwa kwa ajili yako."

Dominiko alisimama pale pale, akachukua tenga lake.

"Kwa ajili yangu? Twendeni upesi."

* * *

Jua lilikuwa linazama walipofika Lukumbi. Dominiko aliingia ofisini amelipakata tenga, akaliweka mezani, akasema yote upya mbele ya Mwalimu Anastasia, bila kujipunguzia hata neno. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alivua miwani, na safari hii hakuifuta miwani, alifuta macho.

"Naondoa malalamiko, Inspekta," alisema. "Nami nina kosa langu. Niitieni Chausiku."

Chausiku alipoingia na kumwona mzee yule, aliinamisha kichwa.

"Ndiye uliyemwona?" aliuliza Mwinjuma.

"Ndiye. Alikuwa amekaa sakafuni analia. Mzee akilia, mtu haingii. Na lile paji la uso ni la Veronika mtupu. Jioni niliposikia sanamu imeibwa, nikaelewa."

"Mbona hukujitetea, mwanangu?" Mwalimu Anastasia aliuliza.

"Ningejitetea, Veronika angeitwa mtoto wa mwizi shule nzima. Mimi kwetu Dumila ningepata kazi hotelini kwa baba. Yeye angekwenda wapi?"

Mwalimu mkuu alisimama, akaizunguka meza, akamshika mikono. "Nisamehe. Kesho nitakuomba radhi paredi, mbele ya wote. Leo nakuomba hapa."

Veronika aliuchukua ule ukili wa zambarau uliokuwa mezani kama kielelezo, akaanza kuusuka. Alisuka vibaya mno. Chausiku alivumilia kidogo, kisha akamnyang'anya.

"Toa huko. Unaniharibia."

"Nifundishe basi."

Wakatoka pamoja, wakibishana.

Asubuhi gari la mkoa lilifika, na Afisa Utamaduni akataka sanamu yake. Watu wote walimtazama Dominiko, ambaye mwalimu mkuu alikuwa amempa chumba cha wageni. Alisita, mkono juu ya kitambaa cha khanga.

"Mchukueni," alisema mwishoni. "Akaone Dar es Salaam. Hakuwahi kufika hata Dumila. Lakini atarudi?"

"Atarudi baada ya Saba Saba, nakuahidi," alisema Mwinjuma.

"Basi nami nitakwenda naye. Hakuzoea magari."

Afisa alitaka kueleza kwamba nafasi ni ya wanafunzi na mwalimu tu. Inspekta Mwinjuma alimkatiza kwa adabu: mali hii imekwisha kuibwa mara moja, polisi wanashauri isafiri na mtu anayejua kuibeba. Mwalimu Anastasia alisema sanamu haiwezi kusimama juu ya meza tupu kule, itahitaji mkeka, na mkeka utahitaji msukaji wake. Kisha akaichana ile kadi ya zamani, akaandika nyingine kwa mkono wake: CECILIA, MKE WA DOMINIKO, WA MGETA.

Siku ya Saba Saba umati ulipita mbele ya banda la Morogoro. Wengi walitazama, wakasoma, wakaendelea. Kisha mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasimama.

"Huyu Cecilia ni nani?" aliuliza.

Dominiko alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mkeka. Aliinuka, akavua kofia.

"Mke wangu," alisema. "Kaa nikusimulie. Siku moja alikwenda mtoni na ndoo..."

Watu wakaongezeka. Alisimulia habari ya mtoni, akasimulia alivyomtania padre mpaka padre akasahau mahubiri, akasimulia nyimbo alizokuwa akiimba akipalilia, na sauti yake nzito ya mlimani ilisikika mpaka banda la pili. Nyuma ya umati, Veronika alisimama amemshika Chausiku mkono, akinyoosha shingo asikie kila neno, kama mgeni mwingine yeyote anayemjua mtu yule kwa mara ya kwanza.